Bunduki kongwe za mitutu miwili zenye nyundo za nje: kutambua hitilafu, visababishi vyake na tiba

Bunduki ya marisau yenye mitutu miwili na nyundo za nje ilikuwa silaha kuu ya wawindaji wa Ulaya na Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Hata baada ya Anson na Deeley kusajili mtambo wao usio na nyundo za nje mwaka 1875, viwanda vya Birmingham, Liège na Saint-Étienne viliendelea kuitengeneza kwa miongo mingi. Zilizobaki leo nyingi zimepita mikononi mwa mafundi kadhaa, wazuri na wabaya, na hitilafu utakayoikuta huenda ikawa ya uchakavu au ya ukarabati wa zamani. Kazi ya kwanza ya mkusanyaji ni kuvitofautisha viwili hivyo kabla hajashika bisibisi, kwa sababu chuma kilichosuguliwa, kupashwa moto au kupigwa tupa hakirudi kilivyokuwa.

Kabla ya kupima chochote: hakikisha ni tupu

Bunduki za kujazwa kwa mdomoni hukutwa mara nyingi zikiwa bado na baruti na marisau ndani, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haipotezi nguvu kwa umri. Ingiza kijiti cha mbao kwenye mtutu hadi kigote, weka alama mdomoni, kitoe, kisha kilaze juu ya mtutu kwa nje. Ncha yake inapaswa kufika karibu na kifa, pale fataki inapokaa. Ikiishia sentimita chache kabla yake, mtutu una kitu ndani. Acha hapo hapo. Usitoboe, usichokoe na mdeki wa chuma, usimimine wala kupasha chochote. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni, na mweleze tangu mlangoni kwamba unadhani imejazwa.

Kwa bunduki za kufunguka nyuma, fungua, tazama vyumba vyote viwili vya risasi, kisha tazama mwanga upite mtutu mzima. Usifyatue nyundo bila kuweka risasi bandia vyumbani. Nyundo na pini za kupigia za chuma cha zamani huvunjika zikipiga hewa.

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: taa ndogo, uzi imara, risasi bandia mbili, kipimo cha vernia, bapa za kupimia nafasi kuanzia milimita 0.05, na bisibisi ambazo ncha zake umezinoa zikae sawasawa kwenye mfereji wa kila skrubu. Mifereji ya skrubu za bunduki hizi ni myembamba sana, na bisibisi ya dukani huichana mara ya kwanza tu. Mfereji uliochanika ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyekutangulia kuingia ndani bila zana sahihi, basi chunguza sehemu hiyo mara mbili.

Majina yanayotumika hapa: nundu ni kipande cha chuma chini ya mitutu kinachoingia kwenye mwili wa bunduki, ndoano ni upinde uliokatwa mbele ya nundu, unaokumbatia pini ya bawaba, komeo ni chuma kinachoingia kwenye mikato ya nundu na kuifunga. Ndani ya mtambo wa pembeni, tambla ni kipande kinachozunguka pamoja na nyundo, nacho kina meno ya nusu na ya kamili. Kilimi ni kijino kinachoshika meno hayo mpaka kifyatulio kivutwe.

Mitutu inacheza ikiwa imefungwa

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na watu wengi hulipima vibaya. Toa kwanza kishikio cha mbele, kwa kuwa springi yake huisukuma mitutu nyuma na kuficha ulegevu. Funga bunduki, bana kitako kwapani, shika mitutu karibu na midomo, tikisa kulia na kushoto, kisha juu na chini. Halafu iinue mbele ya dirisha utazame mpaka kati ya uso wa nyuma wa mitutu na ukuta wa mwili. Mwanga usionekane, na bapa ya milimita 0.05 isiingie.

Kabla ya kulaumu uchakavu, safisha. Grisi iliyoganda chini ya kitoa maganda hukifanya kisilale mahali pake, na uchafu kwenye mikato ya nundu huzuia komeo kuingia hadi mwisho. Kijiti cha mbao, kitambaa na mafuta taa vinatosha. Pima tena.

Ikiwa mwanga bado unapita, kisababishi cha kawaida ni ndoano na pini ya bawaba kulika. Mitutu imesogea mbele, na kitako cha risasi hakina tena ukuta wa kuegemea. Tiba sahihi ni ama pini mpya nene kidogo, ama kujaza chuma kwenye ndoano kwa kuchomelea na kuikata upya, huku fundi akipaka masizi kwenye uso na kuondoa chuma pale tu masizi yanapogusa. Tazama kwanza kama pini inatoka: katika bunduki nyingi za bei nafuu imechongwa pamoja na mwili, na anayejaribu kuipiga nyundo itoke ataupasua mwili wenyewe.

Ikiwa hakuna mwanga lakini midomo inapanda na kushuka, tatizo ni komeo au mikato yake, na ndoano haina kosa. Bunduki zenye wenzo wa chini wa Henry Jones, uliosajiliwa mwaka 1859, hazipati shida hii upesi, kwa sababu wenzo huo hubana kwa mzunguko kama skrubu na kushika mikato miwili. Ni wa polepole kuutumia ila ni imara ajabu. Komeo la Purdey la mwaka 1863, ambalo hatimaye liliunganishwa na wenzo wa juu, linategemea springi, kwa hiyo springi dhaifu huonekana kama komeo lililolika. Sukuma wenzo kwa kidole hadi mwisho wake wa kufunga. Ulegevu ukitoweka, springi ndiyo inayohitaji kubadilishwa.

Mchezo wa kulia na kushoto peke yake unatokana na nundu kulika mbavuni. Kwa bunduki ya kabatini unaweza kuuacha ulivyo.

Kuna hila za zamani za kuficha ulegevu. Toa mitutu uitazame ndoano kwa lenzi: kibapa cha shaba au bati kilichobandikwa ndani yake, alama za patasi kwenye mbavu za nundu, au mikwaruzo ya tupa usoni mwa mitutu. Yote matatu yanaifanya bunduki ionekane imekaza siku ya mauzo. Shusha bei au ondoka.

Nadra, lakini zito kuliko yote: ufa kwenye kona ambapo ukuta wa nyuma unakutana na sehemu bapa ya mwili. Paka mafuta mepesi hapo, acha dakika 10, futa hadi pakauke, nyunyiza unga wa chaki na subiri. Mstari mweusi ukijitokeza kwenye chaki, bunduki hiyo ni ya ukutani tu, na haifai kufyatuliwa kwa nguvu yoyote.

Haifunguki, au hufunguka kwa nguvu

Uliza kwanza nyundo ziko wapi. Kabla ya John Stanton kusajili mtambo wa nyundo zinazojirudisha mwaka 1867, nyundo ilibaki imelala juu ya pini baada ya kupiga, na ncha ya pini ikabaki imezama ndani ya fataki. Bunduki ya namna hiyo haifunguki mpaka nyundo zote mbili ziinuliwe hadi jino la nusu. Anayelazimisha huvunja pini au kuipinda. Kwa hiyo inua nyundo kwanza, na mara nyingi tatizo litakuwa limekwisha.

Ikikataa bado, vifuatavyo ndivyo visababishi kwa mpangilio wa kawaida. Mafuta ya zamani yamegeuka gundi kwenye mhimili wa wenzo: dondoshea mafuta mepesi, acha usiku mzima, sogeza kidogo kidogo bila kupiga. Pini imepinda au springi yake ndogo imekatika, hivyo hairudi ndani: fungua kifuniko chake kinachoonekana ukutani na uitoe kwa uangalifu, nayo inapaswa kuteleza kwa uzito wake. Kutu kwenye pini ya bawaba: mafuta ya kupenya, siku tatu hadi saba, bila moto.

Wenzo wa juu ukining'inia bila nguvu, springi yake imevunjika. Hiyo ni springi ya umbo la V, imebanwa ndani ya mwili, na kuitoa kunahitaji kibanio maalumu. Usitumie koleo. Ikiruka huweza kutoboa jicho.

Nyundo hairudi nyuma

Katika mtambo unaojirudisha, mkono mmoja wa springi kuu hupiga, na mkono mwingine huirudisha tambla nyuma kidogo baada ya pigo. Pima hivi: weka risasi bandia, fyatua, kisha sukuma nyundo mbele kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Isifike kwenye pini.

Ikifika au ikibaki mbele, mara nyingi ni uchafu. Mtambo hukaa miaka bila kufunguliwa na mafuta yakawa lami. Toa mtambo (nyundo ikiwa imepumzika; kwa mitambo isiyojirudisha, nyundo ikiwa kwenye jino la nusu), legeza skrubu mizunguko michache tu, gonga kichwa chake taratibu kwa mpini wa mbao ili bapa la mtambo liachane na mti sawasawa, kisha malizia kuitoa. Ukilichokonoa kwa bisibisi pembeni utamega kingo za mti, na kingo hizo ndizo anazotazama mnunuzi wa kwanza. Osha mtambo mzima kwa mafuta taa bila kuutenganisha, ukauke, halafu tone moja la mafuta mepesi kwenye kila mhimili. Tone moja. Yanayozidi hukimbilia kwenye mti.

Kisababishi cha pili ni nyundo kugusa bapa la mtambo au mti kwa sababu imepinda au imelegea kwenye tambla. Tafuta mstari unaong'aa pale inaposugua. Cha tatu ni springi kuu iliyolegea au kuvunjika mkono. Cha nne, ambacho mkusanyaji hapaswi kukipenda hata kidogo, ni nyundo iliyobadilishwa: isiyo ya bunduki hiyo, yenye mchongo usiofanana na mwenzake. Linganisha nyundo ya kulia na ya kushoto kwa urefu, pembe na nakshi.

Nyundo haishiki, au huanguka yenyewe

Hapa usalama unatangulia. Nyundo inayoanguka kutoka jino la nusu au kamili inaifanya bunduki kuwa hatari kwa kila aliye mbele yake. Isijaribiwe hata siku moja na risasi hai.

Angalia mti kwanza. Mti wa mjozi hunyonya unyevu na kuvimba, ukagusa mkia wa kilimi. Toa mtambo, paka masizi ya mshumaa nyuma yake, urudishe, utoe tena. Masizi yakichapika kwenye mti karibu na kilimi, umempata mkosaji. Fundi huondoa mti kiasi cha unene wa karatasi, hazidishi. Kisha angalia vifyatulio: vikivutwa kwa kidole lazima viwe na uhuru mdogo kabla ya kugusa mkia wa kilimi. Visipokuwa nao, kilimi hakiingii jino hadi mwisho.

Hayo yakiwa sawa, inabaki springi ya kilimi iliyochoka, au meno ya tambla na ncha ya kilimi zilizolika. Dalili ya meno yaliyolika ni nyundo ya pili kuanguka ya kwanza inapopiga, kwa mtikisiko peke yake. Usiguse meno hayo kwa tupa wala jiwe la kunolea. Yamefanywa magumu usoni tu, kwa tabaka jembamba. Ukilivuka unafika kwenye chuma laini ambacho kitalika tena baada ya mapigo machache, na pembe uliyoibadilisha itaifanya nyundo iteleze. Uzito wa kawaida wa kifyatulio cha mbele ni kama kilo 1.6, na cha nyuma kama kilo 1.8. Kilichoshuka chini sana ya hapo kimeshachezewa.

Mitutu ikigongwa haitoi mlio

Tenga mitutu na mwili, ining'inize kwa uzi uliopita kwenye ndoano, igonge katikati kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima hulia kwa muda kama kengele. Mlio mfupi wa kufa, au mlio wenye mtetemo wa kitu kilicholegea, unasema lehemu imeachia mahali.

Ili kuelewa, kumbuka jinsi ilivyojengwa. Nundu imeunganishwa na mitutu kwa shaba kwenye moto mkali. Mbavu, yaani vipande virefu vya chuma vinavyokaa juu na chini kati ya mitutu miwili, zimeunganishwa kwa lehemu laini ya bati na madini ya risasi, inayoanza kuyeyuka karibu nyuzi 183 za Selsiasi. Ndiyo sababu moto wa gesi hauruhusiwi kabisa karibu na mitutu hii. Ndiyo sababu pia madawa moto ya kisasa ya kuipa chuma rangi ya bluu huiangamiza: chumvi zake kali hula lehemu, zikabaki ndani ya mfereji chini ya ubavu na kuendelea kutafuna chuma mahali usipopaona.

Kabla ya kukata tamaa, hakikisha si kitoa maganda kinachotetemeka. Kitoe, gonga tena. Kisha tafuta ubavu ulioachia: futa mitutu kavu, iweke mahali penye joto la jua kwa saa moja, tazama viungo vya ubavu. Mafuta yakichuruzika kutoka kwenye mstari, hapo pamefunguka. Bonyeza kwa ukucha utafute kubofyea.

Ubavu uliolegea sentimita chache kwenye bunduki ya maonyesho hauhitaji tiba zaidi ya kuuweka pakavu. Usijaze gundi ya kisasa. Fundi atakayekuja kuweka lehemu atalazimika kuikwangua yote kwanza, na chuma chenye gundi hakishiki lehemu. Kuweka mbavu upya ni kazi ya fundi wa mitutu, na baada yake mitutu lazima ipakwe rangi upya. Uliza bei zote mbili kabla ya kukubali. Usiitumbukize mitutu ndani ya maji kamwe.

Vivuli, mashimo na uvimbe ndani ya mtutu

Elekeza mtutu kwenye dirisha lenye mstari wa fremu ulionyooka, uzungushe polepole. Kivuli cha mstari kinachokimbia moja kwa moja ni mtutu mzima. Kikivunjika upande mmoja, kuna mbonyeo uliotokana na pigo la nje. Kikifanya pete nyeusi inayozunguka mtutu wote, huo ni uvimbe, na maana yake ni mbaya zaidi: wakati fulani risasi ilipigwa kukiwa na kizuizi ndani, chuma kikavutika. Pitisha vidole viwili taratibu kwa nje, macho yakiwa yamefumba. Vidole huuhisi uvimbe ambao jicho halikuuona.

Mbonyeo huinuliwa na fundi kwa kipachiko kinachopanuka ndani ya mtutu. Kamwe usimruhusu mtu auondoe kwa kukwangua mtutu kutoka ndani hadi ulingane. Anauondoa kwa kupunguza ukuta. Uvimbe hugongwa urudi, ila chuma kilichovutika kinabaki kimevutika.

Mashimo ya kutu yanatokana na mabaki ya baruti nyeusi na fataki za zamani, ambayo huvuta unyevu. Madogo yaliyotawanyika karibu na mdomo hayatishi bunduki ya kabatini. Yaliyo mbele tu ya chumba cha risasi yanatisha, kwa kuwa hapo ndipo shinikizo linapokuwa juu. Katika chuma cha Damaski, kilichojengwa kwa vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kuunganishwa motoni, kutu inaweza kufuata mishono ya msokoto na kuingia ndani kuliko inavyoonekana juu. Hakuna ukaguzi wa macho unaoweza kukuhakikishia kina chake.

Unene wa ukuta ni kipimo ambacho wauzaji wengi hawakitaji. Upimwe kwa geji maalumu, kuzunguka mtutu, kila sentimita 5, hasa theluthi ya mbele kabla ya choki, yaani sehemu ya mdomoni ambapo mtutu hubanwa kidogo. Mafundi wa Uingereza huchukulia milimita 0.5 kuwa mpaka wa chini wa kuheshimu. Ukuta unaweza pia kuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, kwa hiyo kipimo kimoja si kipimo.

Alama hazikubaliani na vipimo

Geuza mitutu utazame sehemu bapa chini ya vyumba vya risasi. Hapo bunduki hujieleza. Alama hizi hugongwa na majumba ya majaribio baada ya mtutu kupigwa risasi zenye shinikizo la kuzidi kawaida. London na Birmingham (lililofunguliwa 1813) kwa Uingereza, Liège kwa Ubelgiji. Marekani haikuwa na jumba la serikali, kwa hiyo Parker, Remington au Colt ya mwaka 1878 isiyo na alama kama hizo si ya kutiliwa shaka kwa sababu hiyo pekee.

Fimbo mbili zilizopishana zenye taji ni Birmingham kabla ya 1904. Maneno NOT FOR BALL yanaonyesha choki na miaka ya 1875 hadi 1887. Herufi ELG ndani ya duara refu ni Liège, na taji juu yake liliongezwa 1893. Jaribio la baruti isiyo na moshi kwa Uingereza linaonekana kwa maneno NITRO PROOF, au herufi NP chini ya taji au chini ya mkono ulioshika upanga. Kwa Ubelgiji ni simba juu ya herufi PV. Usipoiona alama ya namna hiyo, bunduki ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, na risasi za dukani za leo hazikuwahi kuwa zake.

Kisha pima kwa vernia na geji ya ndani, sentimita 23 kutoka nyuma ya mtutu. Namba zilizogongwa hapo zinaeleza upana wa ndani wa mtutu: alama 13 ni inchi 0.710, alama 13 juu ya 1 ni 0.719, alama 12 ni 0.729, na 12 juu ya 1 ni 0.740. Mtutu ulioandikwa 13 ukisoma 0.735 umekwanguliwa baada ya jaribio, alama yake haina tena maana, na haufai kupigwa wala, kwa Uingereza, kuuzwa kama bunduki ya kutumika hadi ujaribiwe upya.

Pima na chumba. Bunduki za Uingereza za kipimo cha 12 kwa kawaida zilikuwa na chumba cha milimita 65, na urefu huo ulianza kugongwa kwenye mtutu mwaka 1925 tu. Risasi ya milimita 70 inaingia bila shida, jambo ambalo huwadanganya wengi. Ganda linapofunguka mbele linakutana na sehemu iliyobanwa, na shinikizo linapanda. Kuingia kwa risasi chumbani si kibali cha kuipiga.

Mambo mengine ya kutazama hapa: mstari mwembamba unaozunguka mitutu sentimita 8 hadi 10 mbele ya nyuma yake, pamoja na neno SLEEVED, unamaanisha mitutu ya asili ilikatwa na mipya ikaingizwa. Midomo isiyogusana, nafasi yake ikiwa imejazwa lehemu, inaonyesha mitutu ilifupishwa na choki ikaenda na kipande kilichokatwa. Tundu dogo lililozibwa juu ya nyuma ya kila mtutu ni kumbukumbu ya mfumo wa Lefaucheux, ambao pini ya risasi ilichomoza juu. Bunduki ilibadilishwa baadaye ipokee risasi za fataki ya katikati. Mabadiliko hayo yakifanywa enzi zake na fundi mzuri yana thamani ya kihistoria.

Michoro ya Damaski imefifia au inatia shaka

Ikififia, imechakaa au imepakwa bluu juu. Mchoro upo ndani ya chuma, kwa hiyo fundi wa kuchoma kutu taratibu anaweza kuurudisha. Usijaribu kwa msasa. Mchoro wa kuchorwa kwa asidi juu ya chuma cha kawaida hujulikana chini ya kishikio cha mbele na pembeni mwa nundu: unakatika ghafla, au unajirudia kwa mpangilio usiobadilika hata kidogo. Tazama jina pia. Bunduki za Ubelgiji zilizoandikwa "W. Richards" ziliuzwa kwa wingi Marekani ili mnunuzi adhani ni za Westley Richards, mtengenezaji mashuhuri wa Uingereza. Alama ya ELG humaliza ubishi.

Nyufa na weusi kwenye kitako

Ufa unaoanzia nyuma ya bapa la mtambo na kwenda na nyuzi za mti kwa kawaida unatokana na skrubu iliyolegea: mwili unarudi nyuma na kuupiga mti kama kabari. Kaza skrubu ya nyuma ya wenzo kwanza, kisha uangalie kama ufa bado unafunguka ukiukunja kwa mikono. Ufa usiosogea uache, uuandike kwenye kumbukumbu zako. Unaosogea unahitaji gundi nyembamba na kibanio, baada ya mafuta kutolewa, na hapo ndipo penye kazi.

Weusi karibu na chuma ni mafuta yaliyonywewa kwa miongo kadhaa. Mti huo unalainika na hauwezi tena kubeba mwili. Toa chuma chote, paka uji wa unga wa chaki nyeupe uliokandwa na kiyeyushi cha haraka, uache ukauke, ufute, rudia. Kazi hii huchukua wiki, si siku, na ifanyike nje, mbali na moto. Ili yasirudi, hifadhi bunduki midomo ikiangalia chini kwa siku chache kila baada ya kuipaka mafuta.

Skrubu iliyoganda

Mafuta ya kupenya, siku kadhaa, kisha ncha ya chuma cha kulehemu kilichopata moto ikigusa kichwa cha skrubu kwa sekunde 20 hivi. Mwali wa moto usitumike. Unaondoa rangi za ugumu kwenye mwili na kuyeyusha lehemu ya jirani. Bisibisi ikianza kuruka kutoka kwenye mfereji, acha. Fundi mwenye mashine ya kukandamiza kutoka juu ataitoa nzima, ila hawezi kukurudishia kichwa chenye nakshi ulichokwisha kukipasua.